Mwalimu Breki na Funguo za Gari la Buluu

Wiki iliyopita tulimwacha Mwalimu Breki amefumba macho.

Hakufumba kwa sala. Alifumba kwa sababu mama mkwe wake, mwanafunzi wake mpya wa udereva, alikuwa amekanyaga mafuta kwa nia thabiti kwa mara ya kwanza maishani, na taa za barabarani mbele yao zilikuwa zinageuka nyekundu.

Gari la abiria la buluu walilokuwa wakilifuata lilikuwa limeshapita. Kwenye dirisha la nyuma ulionekana uso wa shemeji yake, kitindamimba wa mama mkwe, binti ambaye asubuhi aliaga kwamba anakwenda kazini kwenye kiwanda cha mikate. Na kiwanda cha mikate kiko upande mwingine wa mji.

"Mkwe," mama mkwe aliuliza bila kupunguza mwendo, "na hii nayo tunasimama?"

Hapo ndipo tulipoishia. Najua wapo waliokwisha kuamua kwamba gari lilipita, likaruka kona kwa magurudumu mawili, likaziba njia mbele kwa vumbi. Poleni.

Gari lilisimama.

Lilisimama ghafla, likalia, likayumba kama mlevi aliyekumbuka kitu. Bango la juu ya paa, lenye neno MWANAFUNZI kwa herufi nyekundu, likainama mbele kana kwamba nalo lilitaka kuona kulikoni.

Mama mkwe akatazama miguu yake. Mmoja ulikuwa kwenye mafuta. Wa pili ulikuwa hewani. Hakuna hata mmoja uliokuwa jirani na breki.

"Mwanangu," alisema taratibu, "nani kakanyaga?"

Mwalimu akafumbua macho. Magari ya kufundishia yana breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeizamisha ya kwake mpaka sakafuni.

"Ni mguu, mama. Umezoea."

"Mguu wa nani?"

"Wangu."

Jina la Breki hakulipata kwa bure. Madereva wenzake walikuwa wakisema kwamba mtu huyu akiona nyanya sokoni anapunguza mwendo. Mwalimu alikuwa akicheka nao, maana ni kweli. Lakini leo, akilitazama gari la buluu likiyeyuka mbele, alihisi kwamba Mungu amegawa ushujaa duniani, na yeye siku ya mgao alikuwa amesimama mahali akisubiri taa iwe kijani.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye simu iliyowekwa mbele ya kioo. "Bado mpo? Nimesikia kishindo."

Huyu tutamwita Dada wa Simu. Hatujui sura yake. Yuko ofisini mahali fulani, kwenye namba ya bure inayopokea habari za watu wanaosafirishwa kwa hila. Mama mkwe aliijua namba hiyo kwa sababu ndogo kabisa. Mwalimu ana mtindo wa kumlazimisha mwanafunzi asome kwa sauti kila bango la barabarani, ili macho yasilale. Kwenye mzunguko wa sokoni kuna bango la namba hiyo, na mama mkwe alikuwa ameshindwa kuuzunguka ule mzunguko mara nyingi hata namba ikamkaa kichwani kama wimbo.

Walipompigia, Dada wa Simu aliuliza swali moja: pasipoti ya binti anayo nani?

"Anayo Shangazi," mama mkwe alijibu kwa kujiamini. "Yule wakala wa kazi za hoteli nje ya nchi. Kaiweka, isipotee. Safari yenyewe ni mwezi ujao."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikiandika upesi. Ilikuwa kalamu ya daktari aliyeona kitu kwenye picha ya mbavu.

Sasa Dada wa Simu alitaka kitu kingine. "Kama mmesimama kwenye nyekundu, mmefanya vizuri. Mkigongwa hamtamsaidia mtu. Nipeni namba ya gari."

Mwalimu alijiweka sawa. Hapa palikuwa pake. "Taa ya breki ya kushoto imeungua. Tairi la nyuma limekwisha, linang'aa kama upara. Bampa limefungwa kwa waya. Dereva ametoa ishara mapema, vizuri kabisa, na kwenye makutano amegeuza shingo mara mbili ingawa hapakuwa na..."

"Namba, kaka."

Mwalimu akanyoosha shingo kutazama mbele.

"Namba sikuitazama," alisema Mwalimu.

Mama mkwe akashusha pumzi, kisha akaitaja, herufi kwa tarakimu, bila kukwama. "Si uliniambia nisome kila kitu?"

"Asante, mama," alisema Dada wa Simu. "Naipeleka kwa askari wa barabara kuu. Sasa nisikilizeni. Msiwakabili. Mkiliona tena hilo gari, nielezeni tu liko wapi. Kazi yenu ni macho na simu."

"Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza," alisema Mwalimu, na alimaanisha.

Taa ikawa kijani. Nyuma yao honi zikalia. Mama mkwe akaachia klachi kwa mkupuo, gari likarukaruka kama mbuzi mwenye mwiba, likaondoka.

"Mpigie mke wako," alisema. "Ajue mdogo wake kapotea."

"Nimepiga, hapokei. Leo kapata kibarua cha kuendesha, cha siku moja. Akiwa kwenye usukani hapokei simu. Nilimfundisha mwenyewe."

Alisema kwa fahari kidogo. Katika mafunzo yake yote, hilo ndilo lililowahi kushika.

"Mafunzo yako, mwanangu," alisema mama mkwe, "siku moja yatatuponza."

Wakafika njia panda. Gari la buluu halikuwapo kulia wala kushoto.

Mwalimu akakuna kichwa. Ishara mapema. Shingo mara mbili kwenye njia tupu. Hakuna dereva wa abiria mjini anayegeuza shingo mara mbili, isipokuwa aliyefundishwa na mwoga. Na mwoga wa kufundisha udereva mjini alikuwa mmoja.

"Mama," alisema, "dereva wa lile gari ni Marudio."

"Nani?"

"Mwanafunzi wangu wa zamani. Alirudia mtihani mpaka msimamizi akawa anamuulizia hali ya wazazi. Tungekwenda kushoto, mama. Kama utaona inafaa."

"Kwa nini kushoto?"

"Kule kuna kituo cha mafuta chenye upepo wa bure. Marudio hawezi kuanza safari ndefu bila kujaza upepo kwenye matairi. Nilimwapisha."

Kona ya kushoto ikapita wakati anaeleza. Mama mkwe akapiga breki, safari hii ya kwake.

"Mkwe! Ukitaka nigeuke, sema geuka! Unanibembeleza kama nimenuna!"

"Samahani, mama. Ni heshima."

"Heshima utanipa nikifa. Sasa nipe amri."

Kumwamrisha mama wa mkeo si jambo ambalo kifua hukubali mara moja. "Geuka," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye.

Akarudi nyuma kidogo, akageuka.

Kumfuatilia mtu kwa siri katika gari lenye neno MWANAFUNZI juu ya paa ni sawa na kunyatia kuku huku unapiga ngoma. Mwendesha baiskeli aliyebeba godoro aliwapita, akawapungia mkono wa kuwatia moyo. Mwalimu akajikunyata kwenye kiti. Kama ujambazi wa dunia hii unamsubiri yeye aukomeshe, alijiambia, basi uwe na subira.

Lakini gari la buluu walilikuta.

Lilikuwa limeegeshwa kando ya mashine ya upepo. Kijana mwembamba alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la nyuma, lile la upara, na bomba mkononi. Marudio mwenyewe. Madirisha yalikuwa na wanawake watano au sita, vijana wote, mabegi mapajani. Shangazi, mwanamke mnene mwenye tabasamu la mtu anayekupimia nguo, alikuwa anaingia dukani, mkoba mkubwa kwapani.

"Tumelipata," Mwalimu akanong'ona kwenye simu, akataja kituo.

"Askari wanakuja. Nyinyi kaeni garini."

Mlango wa dereva ukafunguka, ukafungwa.

"Dada," alisema Mwalimu, "mmoja keshatoka."

Dada wa Simu akashusha pumzi. "Basi asimvute binti kwa nguvu. Asipige kelele. Mahali hapo ni pa wazi, akiweza kuongea naye kabla yule mwanamke hajarudi, amuulize tu kama pasipoti anayo mkononi. Na jambo moja, kaka. Asimwite mjinga. Wakiitwa wajinga hawashuki."

"Hilo la mwisho ngoja nimkimbilie."

Alikimbia, kwa namna yake, simu ikiwa bado hewani mfukoni. Alimfikia mama mkwe akiwa ameshaweka mkono dirishani, akamnong'oneza, akaona taya lake likikaza. Kisha yeye akaendelea mpaka kwa Marudio. Alikuwa ameandaa sentensi kichwani, sentensi nzito, ya kiume. Angesema: Kijana, mchezo umekwisha.

Akafungua mdomo.

"Breki ya mkono?" aliuliza.

Marudio akaruka, akasimama wima. "Nimeweka, mwalimu!"

"Gia?"

"Huru, mwalimu."

"Na nani alikufundisha kujaza upepo injini ikinguruma?"

"Samahani, mwalimu." Marudio akaingiza mkono dirishani, akazima.

Sasa, Mwalimu ana desturi. Somo likiisha hunyoosha kiganja, na mwanafunzi huweka funguo hapo. Hakuna somo lililowahi kwisha funguo zisirudi. Kwa hiyo injini ilipozima, kiganja kilijinyoosha chenyewe, kama ule mguu wa kwenye breki.

Na Marudio akaweka funguo.

Wote wawili wakazitazama.

"Mwalimu," alisema Marudio polepole, "hili si gari lako."

"Najua."

"Basi nirudishie."

Mwalimu angependa tuandike kwamba alijibu neno la kukumbukwa. Alichofanya ni kurudi nyuma hatua na kuficha mkono mgongoni, kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Unabeba nani humu?" aliuliza.

"Abiria. Wanakwenda kazini, mpakani wanabadili gari. Mimi ni dereva tu, mwalimu."

"Pasipoti zao anazo nani?"

Marudio akatazama bomba la upepo. "Shangazi."

"Simu zao?"

"Shangazi."

"Na hukujiuliza?"

"Nilijiuliza." Sauti ilishuka. "Nimetafuta kazi mwaka mzima, mwalimu. Mtu mwenye njaa anajiuliza mara moja, hajiulizi mara mbili."

Mwalimu akazibana funguo kiganjani. Alimfundisha kijana huyu kugeuza shingo mara mbili kwa ajili ya magari. Kwa ajili ya watu, somo hilo hakulitoa, na hakujua angelitoa vipi.

Upande wa pili, dirishani, mambo yalikuwa yameanza.

"Mama?" Shemeji yake alikuwa ametoa macho. "Umefikaje huku?"

"Nimeendesha."

"Wewe?"

"Mimi."

Ndani ya gari mtu akacheka. Binti hakucheka. "Mama, usinirudishe. Nakuomba." Akatoa mikono dirishani. Ilikuwa na alama za tanuri, za zamani na mpya, mpaka kwenye viwiko. "Itazame hii. Sirudi kwenye mikate. Shangazi amenipatia kazi ya mapokezi, hotelini. Nitakaa kwenye kiti, mama. Kiti!"

Mwalimu aliona neno linapanda kooni kwa mama mkwe. Alilijua neno hilo, yeye mwenyewe aliitwa hivyo siku ya posa. Mama mkwe akalimeza.

"Sikuja kukurudisha," alisema. "Nimekuja kukuaga. Mtu haendi nchi ya watu bila kuagana na mamaye."

"Shangazi alisema kuaga kunaleta machozi, na machozi yanachelewesha."

"Sawa. Sitalia. Nionyeshe pasipoti tu, nione picha ulivyotoka, nikupungie mkono."

"Anayo Shangazi."

"Basi fungua mlango nikukumbatie."

Binti akashika kitasa. Akavuta. Akavuta tena.

"Haufunguki kwa ndani, mama," alisema.

Kisha akasikia mwenyewe alichokisema. Mwalimu aliona uso wake ukibadilika. Mkono ulibaki kwenye kitasa. Kwenye viti vya nyuma hakuna aliyecheka tena.

"Jamani, tuna wageni!"

Shangazi alikuwa amerudi. Mkono mmoja ulibeba chupa za maji, mwingine ulikumbatia mkoba. Sauti ilikuwa ya asali. "Huyu bila shaka ni mama. Karibu, mama. Tusamehe, ratiba imebadilika ghafla, ningekupigia jioni."

"Shangazi," alisema binti kutoka dirishani, "naomba pasipoti yangu."

"Utaipata ukifika, mwanangu."

"Naitaka niishike tu."

"Pasipoti si mkate, haiguswiguswi." Tabasamu lilibaki mahali pake, macho yakaondoka. "Ukiipoteza?"

"Ni yangu. Nikiipoteza nitakuwa nimepoteza changu."

"Na mimi naomba yangu," ikasema sauti nyingine ndani.

"Na mimi."

Shangazi akamgeukia Marudio. "Washa gari."

"Funguo anazo mwalimu," alisema Marudio.

Shangazi akamtazama Mwalimu, toka viatu mpaka kipara. Akavuta pumzi. Asali yote ikamwagika.

"Mwizi! Jamani, mwizi! Kaninyang'anya funguo! Mwizi wa gari!"

Msomaji, ukitaka kujua mji una watu wangapi, piga kelele hiyo kwenye kituo cha mafuta. Walitoka dukani, kwenye pampu, chini ya magari. Mmoja alikuwa na spana. Na Mwalimu, kwa akili zake mwenyewe, ili kuonyesha kwamba hana nia mbaya, aliinua mkono juu. Mkono wenye funguo.

"Hizo hapo! Anazo!"

Spana ikasogea. Mwalimu alifikiri kwa haraka, na fikira yenyewe ilikuwa kwamba mkewe atasikia habari hii kwa majirani, tena vibaya.

"Ngojeni kwanza!" Fundi wa matairi, mtu wa kifua kipana, alijipenyeza. Akamkodolea macho mshukiwa. "Huyu si Mwalimu Breki? Alinifundisha huyu! Jamani, huyu aibe gari? Akifika getini si atasimama kuomba ruhusa ya kutoka?"

Kicheko kikaanzia mbele, kikaenda nyuma. "Atatoa ishara kwanza!" akadakia mwingine. "Atafunga mkanda wakati mnamkimbiza!"

Mwenye spana akaishusha, naye anacheka. Katika maisha yake yote Mwalimu hakuwahi kufurahi hivyo kuchekwa. Kicheko kile kilimponya mbavu.

Alijua kwamba hana muda. Alitaka kutoa hotuba. Hotuba haikuja. Likaja swali.

"Nisaidieni kitu kimoja," alisema. "Muulizeni huyu mama kwa nini mlango huu haufunguki kwa ndani."

Fundi wa matairi akamwashiria binti ajaribu. Binti akavuta kitasa. Wenzake wakasukuma. Kila mtu akaona. Kicheko kikakatika kama redio iliyokatiwa umeme.

Fundi akafungua mlango kwa nje. Shemeji alitoka wa kwanza. Mama mkwe hakumshika, hakumvuta. Alisimama tu na mikono wazi, binti akaanguka humo.

"Mkoba!" alipiga kelele mmoja wa waliobaki garini. "Anakimbia na pasipoti zetu!"

Kweli. Shangazi alikuwa ameshaingia kwenye teksi iliyokuwa pampuni. Teksi ikageuka, ikaelekea njia ya kutokea. Watu wakakimbia nyuma yake. Mwalimu naye akakimbia, akakanyaga bomba la upepo, akalala kifudifudi.

Kwa hiyo, kilichofuata alikiona kwa chini, kupitia miguu ya watu.

Aliona gari lake mwenyewe, bango na yote, likitoka lilipoegeshwa. Mama mkwe alikuwa kwenye usukani. Amefikaje hapo, hakuna ajuaye, maana sekunde chache kabla alikuwa amemkumbatia mwanawe. Gari lilirukaruka, likafika kwenye njia ya kutokea, likakaa mkingamo kabisa, likakohoa, likazima.

Teksi ikapiga breki pua kwa ubavu. Dereva wa teksi akapiga honi. Shangazi akatoa kichwa. "Sogeza gari, mama!"

Mama mkwe akashusha kioo.

"Limezima," alisema kwa upole. "Ndio kwanza najifunza."

Aliwasha. Likazima. Akawasha tena. Likazima. Mwalimu alimfundisha mara nyingi asiachie klachi kwa mkupuo, na mpaka leo hajathubutu kumuuliza kama siku ile alisahau au alikumbuka.

Askari walimkuta bado anawasha.

Walikuwa wawili, mmoja mwanamke. Huyu ndiye aliyeuchukua mkoba na kuwaita wasichana waje mmoja mmoja kupokea kilicho chao. Shemeji aliporudi alikuwa ameshika kijitabu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai.

"Picha umetoka vibaya," mama mkwe akamwambia.

"Najua," alisema binti, na hapo ndipo alipolia.

Mwalimu aliokota simu iliyomdondoka mfukoni alipoanguka. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini Dada wa Simu alikuwa bado yupo.

"Kaka, nimesikia kila kitu. Nilisema mkae garini."

"Ndiyo, dada. Mmoja alirudi garini."

Upande wa pili mtu alijizuia kucheka. "Binti akifika nyumbani msimsimange. Mwambie kuna watu hapa wa kuzungumza naye akitaka. Nyinyi mmeshamaliza yenu. Yaliyobaki waachieni wenye kazi."

Mwalimu hakuwa na ugomvi na maneno hayo. Kumaliza na kusimama ndicho kipaji chake. Alikuwa ameshaanza kujiona sebuleni, viatu vimevuliwa, akimsimulia mkewe, na katika masimulizi hayo hakuanguka kwenye bomba.

"Mwalimu."

Alikuwa Marudio. Alikaa chini kando ya tairi la upara, askari wa kiume amesimama juu yake. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi la uso.

"Nimeshamwambia afande, lakini nataka na wewe usikie. Hili ni gari la pili. La kwanza limeondoka asubuhi. Jeupe. Wamo wengi kuliko hawa."

"Askari watalifuata," alisema Mwalimu. "Waambie dereva wake nani."

Marudio hakumtazama.

"Shangazi alipungukiwa dereva. Mimi ndiye niliyempendekeza. Nilitaka kukulipa fadhila, mwalimu, wewe hukunikatia tamaa. Akaambiwa anapeleka wafanyakazi wa hoteli, kibarua cha siku moja. Hajui lolote. Akaniomba nisikwambie ni kibarua cha nani wala malipo yake, alitaka akushtukize na kitu kizuri jioni." Akapangusa pua kwa mkono. "Anaendesha vizuri sana. Nimempigia tangu nimekaa hapa. Hapokei."

Mwalimu alisikia maneno yale yakiingia moja moja, kama magari yanayopita njia nyembamba.

Hapokei simu akiwa kwenye usukani. Nilimfundisha mwenyewe.

Alibonyeza namba ya mkewe. Kidole kilikosea, kikarudia. Simu ikaita. Aliwahi kumwambia mwanamke huyo, wakati wa masomo, kabla hawajachumbiana: hata nikipiga mimi, usipokee. Naye akacheka, akaahidi, na hakuwahi kuvunja ahadi. Sasa mwalimu wake alisimama kwenye kituo cha mafuta na magoti yaliyochubuka, akimwomba Mungu mwanafunzi wake bora avunje sheria mara moja tu.

Ikaita. Ikaita.

Ikapokelewa.

"Mke wangu! Simamisha gari! Simama hapo hapo ulipo, usi..."

"Dereva hapokei simu akiwa barabarani," ilisema sauti ya mwanamume, tulivu, isiyo na haraka. "Simu zote humu ndani nazishika mimi. Wewe ni nani?"

Simu ikakatwa.

Alipogeuka, mlango wa abiria wa gari lake ulikuwa wazi, unamsubiri. Shemeji alikuwa kiti cha nyuma, pasipoti kifuani. Mama mkwe hakuuliza kitu. Alikuwa ameyasikia yote. Huyo naye alikuwa binti yake. Aliwasha gari, akaachia klachi polepole, kwa ulaini ambao hakuwahi kuuonyesha katika somo lolote, na gari halikuzima.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Na huo mguu wako ukae mbali na breki."